Jani la Bei

Jepkosgei hakuwahi kukosea maishani mwake. Muulize mwenyewe. Chapati zikiungua, ni jiko. Maziwa yakifurika, ni wewe uliyemsemesha wakati ameyakazia macho. Na ile siku aliyomtilia mumewe chumvi kwenye chai badala ya sukari, alimtazama Isaiah akikunja uso, akamwambia kwamba mwanamume mzima hafai kupenda vitu vitamu namna hiyo. Isaiah akaimaliza ile chai. Ndivyo walivyoishi kwa amani miaka yote pale Kapseret, wakifuga ng'ombe wao wa maziwa na kusikia ndege zikipita juu ya bati.

Kosa moja tu ndilo lililomshinda kumsukumia mtu mwingine, nalo lilikuwa kosa la neno moja. Lakini huwezi kulielewa neno lenyewe bila kujua habari za majani, kwa hiyo tuanzie jikoni.

Kabla ya kuolewa, Jepkosgei alifanya kazi kule Plateau, nyumbani kwa mama mmoja mzungu aliyefundisha wauguzi. Watu walimwita Misi Hilda. Misi Hilda alikuwa na mti mmoja nyuma ya nyumba, wenye majani magumu ya kijani kilichokolea, na alikuwa haweki sufuria motoni bila kwanza kwenda kuchuma jani. Kwenye supu, jani. Kwenye maharagwe, jani. Jepkosgei alidhani mama wa watu amekosa sukuma wiki na anaona haya kusema. Halafu siku moja akamwona anatia jani kwenye maziwa, akaongeza mchele na sukari, akaacha vichemke taratibu mpaka vikawa vizito. Msichana aliomba Mungu amsamehe yule mama. Aliporambishwa kijiko kimoja, aliomba Mungu amsamehe yeye mwenyewe, kisha akaomba kijiko cha pili.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Bay," alijibu Misi Hilda.

Jepkosgei akasikia "bei," na akaelewa papo hapo. Majani ya bei. Vitu vya wenye uwezo. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuelewa anauliza nini tena?

Baada ya kuolewa na kuhamia Kapseret, hamu ya ule wali wa maziwa ikamshika mpaka akapanda gari kwenda Eldoret mjini kuyatafuta yale majani. Akaingia duka moja kubwa.

"Niuzie majani ya bei," akasema.

"Ya bei gani, mama?"

"Si nimesema? Ya bei."

"Ndiyo, lakini unataka ya bei gani?"

"Wewe kijana, hujui kazi? Ya bei!"

Yule kijana, ambaye alilelewa vizuri, alimtolea pakiti ya majani chai ya juu kabisa iliyokuwa dukani. Jepkosgei aliifungulia nyumbani, akaitazama, akamwambia Isaiah kwamba watu wa mjini siku hizi hawajui Kiswahili. Wiki iliyofuata alirudi Plateau, akapewa mche mdogo ndani ya mkebe wa maziwa, akaupakata njia nzima hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

Ukweli wa jina hilo aliujua miaka mingi baadaye, Jebet, binti yake, alipoanza kusoma Kiingereza akamweleza kwamba "bay" ni jina la mti tu, halihusiani na bei. Jepkosgei alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba huyo aliyeandika hicho kitabu cha Kiingereza ndiye aliyesikia vibaya.

Mche aliupanda penye ua, kwenye mpaka kabisa wa shamba lake na la jirani, kwa sababu mahali pengine pote ng'ombe wangeufikia. Mti haujui mpaka. Ulipokua, nusu ya matawi ililala upande wa Jepkosgei na nusu ikalala upande wa Wanja.

Wanja alikuwa mke wa Gathogo, na Gathogo ndiye aliyekuwa na duka dogo hapo barabarani, la unga, sabuni na mafuta ya kupima. Baba yake Gathogo alikuja kutoka Nyandarua zamani akanunua hiyo ploti, kwa hiyo Gathogo alikulia hapo, na watoto wake walizaliwa hapo. Kifungua mimba wao, Ndungu, aliongea Kinandi kuliko Kikuyu, na bibi yake wa Nyandarua alikuwa akimwamkia kwa kumtafutia mkalimani. Kwa hiyo Jepkosgei alikuwa Mama Jebet, Wanja alikuwa Mama Ndungu, na ua kati yao ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyekumbuka lilikatwa na nani.

Mabishano yalianza siku Wanja aliponyoosha mkono akachuma jani upande wake na kulitumbukiza kwenye supu ya mbuzi.

"Mama Ndungu, hiyo ni ya maziwa," Jepkosgei alimwambia kupitia pengo. "Hiyo ni ya kitu tamu. Unaenda kuipotezea kwa mbuzi?"

"Mama Jebet, hii kitu Mungu aliumba akifikiria mbuzi. Wewe ndiye unaiharibu na sukari."

"Misi Hilda alinifundisha mimi. Wewe ulifundishwa na nani?"

"Na mbuzi."

Waliendelea hivyo miaka na miaka. Jepkosgei alitia jani kwenye wali wa maziwa, kwenye uji wa wimbi, hata kwenye maziwa ya chai wageni wakija. Wanja akalitia kwenye mbuzi, kwenye githeri, kwenye maharagwe. Kila mmoja alikula chakula cha mwenzake mpaka akalamba sahani, kisha akasema kimeharibika. Mbuzi kwa jani, Jepkosgei aliapa, hatapika katika sufuria yake mpaka afe.

Sasa jani lenyewe haliliwi. Unalitoa kabla ya kupakua, maana ni gumu na linaweza kumkwama mtu kooni. Jepkosgei alijua hivyo vizuri sana, na alikuwa akisahau moja kila mara. Krismasi moja nyumba zote mbili zikila pamoja, Gathogo akalitafuna. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akalitoa mdomoni akaliweka mezani mbele ya watu.

"Nani ameniwekea hii?"

Jepkosgei alikuwa tayari kueleza kwamba ni kosa la sufuria, lakini Wanja alimuwahi. "Pongezi! Mwenye kupata jani anaosha vyombo."

Watoto wakashangilia. Gathogo, mzee wa kanisa, mtu mwenye duka, alikunja mikono ya shati lake la Krismasi akaenda kuchuchumaa mbele ya karai. Watu walipita njiani wakasimama kutazama. Tangu siku hiyo ikawa sheria. Ukilipata jani, hata uwe nani, unaosha vyombo. Watoto walikula wakichungulia sahani zao kwa macho ya polisi. Isaiah alijifunza kulimeza.

Sheria ilipata kifungu cha pili siku Pasta Bethwel alipoalikwa chakula cha mchana. Pasta akaokota jani kwenye wali wa maziwa, akalishika juu, akauliza kama lina maana yoyote. Watoto wakainama kuzuia kicheko. Jepkosgei alinyoosha mkono akalichukua kwenye vidole vya Pasta, akaliweka kwenye sahani yake mwenyewe.

"Mgeni haoshi vyombo," akasema. "Likimpata mgeni, linarudi kwa wenyewe."

Na hicho kifungu cha pili ndicho kilicholeta taabu yote.

Uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007 ulipofanyika, Krismasi ilikuwa imepita tu, na nyumba hizo mbili zilikuwa zimekula pamoja kama kawaida. Aliyeosha alikuwa Ndungu. Matokeo yakatangazwa. Kesho yake moshi ulionekana upande wa mjini, kisha upande wa pili, na vijana wakaziba barabara kwa magogo. Walikuwa wakiimba. Jepkosgei alisikia maneno kutoka zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Wageni warudi kwao. Wageni, wageni. Alichungulia na kuona nusu ya sura zile anazijua. Wengine walikuwa wamekula kwake.

Familia ya Gathogo iliondoka mchana na lori la polisi, na mizigo ya kushikika mkononi tu. Wanja hakupata hata muda wa kupita kwenye pengo. Jioni ile duka likachomwa, kisha nyumba. Jepkosgei alitoka akasimama penye ua na ndoo yake ya maji, akawaita wale vijana mmoja mmoja kwa majina yao na majina ya mama zao. Mmoja alimwambia kwa adabu kabisa, "Mama, ingia ndani." Isaiah akamshika mkono. Akaingia ndani. Mti wenyewe haukuguswa na moto, ila majani ya upande ule yalijikunja kwa joto.

Zikapita siku za kutotoka. Barabara ilipofunguka kidogo na habari zikaja kwamba watu waliofukuzwa wako kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, ule ambao kila mtu anauita Showground, Jepkosgei hakuuliza mtu. Alipika sufuria mbili, moja ya wali na nyama na moja ya wali wa maziwa, akazifunga kwa leso, akamwambia Isaiah atoe baiskeli. Isaiah alisema kidogo kuhusu hatari. Kisha akatoa baiskeli.

Kabla hawajatoka, Jepkosgei alizifungua tena zile sufuria, akayatafuta majani kwa mwiko mpaka akayatoa yote. Alihakikisha mara mbili, yeye ambaye hakuwahi kuhakikisha hata mara moja. Aliona itakuwa aibu kubwa mtu aliyepoteza nyumba yake ale chakula halafu aambiwe aoshe vyombo.

Wanja walimkuta ndani ya hema, ameketi juu ya blanketi, amevaa sweta ambayo si yake. Walishikana mikono. Jepkosgei akapakua. Wanja akala kidogo, akageuza wali kwa kijiko, akageuza tena. Halafu, na hilo ndilo Jepkosgei alilolikumbuka kila usiku baadaye, Wanja alijaribu kucheka.

"Leo hakuna jani?" aliuliza.

Jepkosgei alitaka kusema, leo pumzika. Alitaka kusema, leo nitaosha mimi, na kesho, na mwaka mzima. Lakini mdomo ukachukua lililokuwa karibu.

"Leo wewe ni mgeni, Mama Ndungu."

Kijiko kilisimama. Hema zima lilikuwa na kelele za watoto na vikohozi. Wanja aliiweka sahani chini polepole.

"Hata wewe?" akasema.

Kisha akasema, "Asante kwa chakula," kwa ile sauti aliyokuwa akiwatolea watu waliopita dukani mara moja na kuendelea na safari. Jepkosgei, ambaye mdomo wake haukuwahi kumwangusha, alianza kukunja leso. Alikusanya sufuria zake. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimweleza Isaiah mgongoni: kwamba alimaanisha vizuri, kwamba Wanja anajua sheria ya jani kuliko mtu yeyote, kwamba ni kelele za mle hemani, kwamba ni Isaiah aliyemharakisha. Isaiah alikubali kwamba ni yeye. Haikusaidia. Alipofika nyumbani aliketi jikoni akalia kwa sauti, na hakusingizia moshi.

Wanja na watoto wakaenda Njoro kwa kaka yake aliyeitwa Thuo. Hali ilipotulia, Gathogo alianza kurudi peke yake msimu wa kupanda, akalima mahindi pale palipokuwa na nyumba, akalala kwa rafiki mjini. Jepkosgei alimpelekea chai shambani na kumuuliza habari za Mama Ndungu.

"Anasema asante," Gathogo alijibu.

"Asante ya nini? Sijamfanyia kitu."

"Hata mimi sijui. Anasema tu asante."

Basi miaka ikaenda. Jirani wakaanza kuona kwamba Mama Jebet ana kitu na ule mti. Alichuma majani upande wake tu. Akiishiwa upande wake, alipanda kigoda akachuma juu zaidi, upande wake tu. Mti ukawa na upara upande mmoja, matawi makavu kama fagio la zamani, na upande wa pili ukafurika mpaka ukainamia mahindi ya Gathogo. Jebet alirudi likizo kutoka chuoni akacheka.

"Mum, si uchume huko kwingine? Hakuna mtu."

"Huko si kwetu," mama yake alijibu, akaendelea kutafuta jani kwenye upara.

Uchaguzi wa 2013 ukaja. Watu wakaweka akiba ya unga, wakapunguza sauti, wakangoja. Ukapita. Hakuna aliyechomewa kitu, na siku chache baadaye Gathogo akampigia Isaiah simu. Alisema wanakuja Jumamosi. Alisema kuna mwalimu mmoja wa Sugoi, Mwalimu Kiplimo, mtu mzuri, anataka ploti, na Mama Ndungu atakuja kuiona kwa macho yake kabla hawajaweka sahihi.

"Nimewaambia wapite hapa wale chakula," Isaiah akamalizia, akasubiri kugombezwa.

Jepkosgei hakugomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia. Ploti ikiuzwa, Wanja hatakuwa na sababu ya kukanyaga Kapseret tena, na lile neno la Showground litabaki pale lilipoangukia. Alijua anachotakiwa kufanya. Mtu anasema nilikosea, basi. Watoto wadogo wanaweza. Alijaribu kulitamka peke yake zizini, asubuhi mbili. "Nilikosea," alimwambia ng'ombe. Mara ya kwanza ng'ombe alimtazama. Mara ya pili aliipiga ndoo teke, maziwa yote chini, na Jepkosgei akaona hiyo ni ishara kwamba njia hiyo haifai.

Ndipo akafikiria jani.

Mpango ulikuwa rahisi. Wanja angelipata jani kwenye sahani yake. Sheria ni sheria: mgeni haoshi vyombo, kwa hiyo anayewekewa jani kusudi si mgeni. Wanja angeelewa bila mtu kulazimika kutamka yale maneno machungu. Jepkosgei aliuona mpango huo kuwa mzuri sana na akajipongeza. Na ili Wanja asiwe na shaka hata kidogo, alifanya jambo ambalo aliapa hatalifanya mpaka afe: alipika mbuzi kwa jani.

Jumamosi wakafika. Wanja alikuwa amepungua, na nywele zilizotokeza kwenye kilemba zilikuwa zimeanza mvi. Alimpa Jepkosgei mikono yote miwili, kama watu wanavyosalimiana matangani. Mwalimu Kiplimo alikuwa kijana mrefu mpole aliyevaa viatu vya kung'aa mno kwa matope yetu. Isaiah, kwa furaha ya kuwaona watu, alisimama mlangoni akisema kwa sauti, "Karibuni wageni! Wageni wetu, karibuni!" mpaka mke wake akamkanyaga mguu.

Walikwenda kwanza kuona ploti. Gathogo akamwonyesha mwalimu mipaka. Wanja hakuangalia mipaka. Alisimama mbele ya mti, akautazama upande wa upara, akauzunguka, akautazama upande uliofurika mpaka ukagusa mahindi.

"Nani amenyoa huu mti nusu?" akauliza.

"Upande wangu nimetumia," Jepkosgei alisema. "Ule mwingine ni wako."

Wanja alishika jani moja la upande wake, akalisugua kwa vidole, akanusa. Alikaa hapo kitambo kirefu, na Jepkosgei akarudi jikoni mbio kwa sababu aliona asipokwenda atalia, na yeye alikuwa na chakula motoni.

Alipakua mwenyewe. Sahani yenye ukingo wa bluu ilikuwa ya Wanja. Jani alilificha chini ya mnofu mkubwa wa mbuzi, akahesabu kila kitu kimekamilika, akatoka nje kuchukua maji ya kunawa. Sasa, Isaiah alikuwa hajawahi kubeba sahani tangu amuoe. Hajawahi. Lakini siku hiyo, kwa kuwa mguu bado ulimuuma na alitaka kuonekana mtu wa maana, aliingia jikoni akabeba sahani mbili akazipeleka sebuleni. Na kwa kuwa alikuwa na adabu, ile yenye nyama kubwa alimpa mgeni.

Jepkosgei alirudi na maji akamkuta Mwalimu Kiplimo ameishika sahani ya bluu magotini, ameshafumba macho kuomba. Angefanya nini? Humnyang'anyi mtu sahani akiwa anaomba. Alimtazama Isaiah kwa jicho ambalo Isaiah analikumbuka hadi leo.

Wakala. Wanja alionja supu, akainua uso.

"Mama Jebet. Hii ni mbuzi?"

"Ni mbuzi."

"Na jani?"

"Na jani."

Wanja akaendelea kula, lakini pembe ya mdomo ilisogea. Jepkosgei yeye alikuwa hali. Alikuwa akifuata kijiko cha mwalimu. Kijiko kiligeuza wali, kikainua mnofu, kikasimama. Mwalimu aliliinua jani, likining'inia na mchuzi, akaliweka ukingoni mwa sahani kwa upole.

"Samahani, mama," akasema, "nadhani kuna jani limeingia kwa chakula."

Gathogo aliacha kutafuna. Isaiah akatazama dari. Kila mtu aliyeijua ile sheria alikuwa ameikumbuka. Jepkosgei aliona mpango wake wote umelala ukingoni mwa sahani isiyo yake. Kifungu cha pili kilikuwa wazi: likimpata mgeni, linarudi kwa wenyewe. Yaani kwake. Angelichukua, angeosha vyombo, na Wanja angebaki kwenye kiti cha wageni hadi gari lije. Alianza kunyoosha mkono huku moyo umemwishia.

Mkono mwingine ukafika kwanza.

Wanja aliliokota jani kwenye sahani ya mwalimu, akalikung'uta, akaliweka kwenye sahani yake mwenyewe.

"Usijali, Mwalimu," akasema. "Wewe ni mgeni. Hapa kwetu mgeni haoshi vyombo. Tutaosha sisi wenyewe."

Mwalimu alimtazama Wanja, akamtazama Jepkosgei aliyekuwa ameshika mdomo kwa leso, akamtazama Gathogo. Sheria ya jani hakuijua, lakini Kiswahili alikuwa akikifundisha darasani, na neno lile "wenyewe" lilikuwa limemfikia. Gathogo aliweka kijiko chini akakohoa.

"Mwalimu, kuhusu ile ploti..."

"Nimesikia, Mzee," Mwalimu Kiplimo alisema, na alitabasamu kwa kweli. "Imenipita. Lakini supu isinipite. Mama, niongezee."

Nje, Wanja alichuchumaa mbele ya karai na kukunja mikono ya sweta. Jepkosgei alimfuata na sufuria, akaiweka chini, akabaki amesimama. Mbele yake hapakuwa na ng'ombe wala mpango.

"Mama Ndungu," alianza. "Ile siku ya Showground. Lile neno. Sikumaanisha vile wao walimaanisha. Nilikosea."

Wanja aliendelea kusugua sahani. Machozi yalikuwa yanamtiririka yakiingia kwenye povu la sabuni.

"Sema tena," akasema. "Sikusikia vizuri."

"Umesikia."

"Isaiah!" Wanja akaita kwa sauti ambayo pale Kapseret ilikuwa haijasikika miaka mitano. "Isaiah, kuja haraka usikie mke wako anasema nini! Hatasema tena!"

"Wewe nyamaza, watu wanakula," Jepkosgei alimwambia, akichuchumaa upande wa pili wa karai, analia na kucheka pamoja, akitafuta mahali pa kujifutia pua. Walisugua pamoja. Jua lilikuwa limeshuka juu ya mahindi, na ndege ikapita kutua. Kisha Wanja akaivuta ile sufuria ya mbuzi, akaingiza mkono, akakwangua chini kwa kucha.

"Mama Jebet. Hii imeungua."

"Ni jiko," akasema Jepkosgei.